Je, Msikiti Ni Nyumba ya Kijana Wangu?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinihubirie, mahubiri ninayo ya kutosha hapa Migori. Mimi ni Mkisii, Msabato wa kuzaliwa, darasa nilisoma nne tu lakini mdomo nilimaliza, na kijana wangu Omosa alisilimu akapewa kazi ya kutunza msikiti hapa mjini, yeye ndiye hufagia, yeye ndiye ana ufunguo, na analala kwa chumba kilichoshikana na ukuta wa huo msikiti, na siku hizi ana jina lingine ambalo sitaliandika hapa kwa sababu jina nilimpa mimi. Ijumaa ijayo anaoa, ndoa inafungwa humo ndani baada ya swala, na amekuja mpaka nyumbani akaniambia, "Tata, nikikukosa pale nitaoa kama mtoto aliyeokotwa," na mama yake Bitutu akalia mpaka uji ukaungua.

Sasa mzee wetu wa kanisa, Mogaka, akasikia, akaja na koti lake la Sabato na ilikuwa Jumanne, akasema, "Bichage, ukikanyaga huko, meza ya Bwana usahau!" Nikamuuliza, "Wewe si uliingia baa kumtafuta mkwe wako, kwani uligeuka chupa?" Akasema hiyo ni tofauti. Nikamwambia ndiyo, ni tofauti, mimi nitatoka nikitembea wima.

Huyo simwogopi, atake asitake, lakini iko jambo moja linanishika mguu. Kwetu baba haingii nyumba ya kijana wake aliyekwisha kutahiriwa, hiyo tunaita chinsoni, ni aibu kubwa, baba yangu mwenyewe hakuingia kwangu mpaka akafa, na mimi nikiangalia, ufunguo ni wa Omosa, ufagio ni wa Omosa, basi hiyo si ni nyumba ya Omosa? Ndiyo maana Ijumaa moja aliponialika nilisimama nje karibu na viatu, mpaka mtu mmoja akaokota ndara akaniuliza, "Mzee, hizi mwisho ngapi?" nami kwa ujinga wangu nikaanza kumpunguzia, kidogo mwenyewe akatoka, nusura nipigwe. Niambie, niingie, au niendelee kuuza viatu vya watu?

Bichage, Migori

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Bichage, nimecheka, halafu nimekukasirikia.

Nimemuuliza sheikh. Anasema wanazuoni wao hawasemi jambo moja: wengine hukataza, lakini wengi hukubali mgeni wa dini nyingine aingie msikitini akikaribishwa na Mwislamu na akiwa na adabu. Makka ndiyo ina sheria yake, na wewe hukualikwa Makka. Tena akanikumbusha kwamba Mtume wao aliwapokea Wakristo wa Najrani ndani ya msikiti wake Madina. Basi umekaribishwa. Mogaka hana mlango pale wa kukufungia.

Sasa hiyo chinsoni yako. Mlinzi wa benki ana ufunguo, je, benki ni yake? Nyumba ya kijana wako ni kile chumba chenye kitanda chake. Humo usiingie, hata akikuita kwa chai. Msikiti ni wa Mungu, na Mungu hukumtahiri wewe.

Oga. Vaa suruali safi na soksi zisizo na matundu, maana viatu utavivua. Ugoro uache nyumbani. Usijifanye huna, nawajua wazee wa Kisabato. Wakiinama kusali, wewe kaa nyuma, utulie. Hakuna atakayekulazimisha kuinama. Ndoa ikianza, sogea mbele ukae ambapo kijana atakuona. Na huo mdomo uliomaliza shule, ufunge hadi utoke nje.

Lakini usinidanganye, mzee. Mila unaiheshimu, sawa, ila umeijengea ukuta ukajificha nyuma yake. Umeandika ukurasa mzima ukamtaja Mogaka, ukataja hata ndara za mtu, na jina analoitwa mwanao umekataa kulitia wino. Omosa halitapotea, liko kwenye damu yake. Kijana hakukuuliza kama dini yake unaipenda. Ameomba baba.

Kwa hiyo Ijumaa ukitoka pale usisimame tena karibu na viatu. Vaa vyako, mshike mkono mwanao mbele ya watu wote, umwite kwa lile jina. Kwa sauti, mpaka Mogaka alisikie huko aliko na koti lake.