Unaweza Kupandia Karema

Ng'ambo, Tabora
Jumatatu asubuhi

Mdogo wangu mpendwa Mektilda,

Wengi wakisikia meli inaanzia Kigoma hudhani kila abiria lazima apandie Kigoma. Nawe umekosea hivyo hivyo nilipokualika safari ya meli ukaniletea jibu kwamba miguu yako haiwezi mzunguko wote huo. Nitakueleza, lakini kwanza tujuliane hali. Marahaba kwa shikamoo uliyomtuma Asnath. Sisi huku ni wazima, na presha yangu imetulia. Goti lako je? Na mizinga, nyuki wamerudi baada ya ule moto? Msalimie sana shemeji Damas.

Meli hii ya matembezi, niliyoipanda mwezi uliopita na walimu wastaafu wenzangu, hutoka Kigoma Jumatatu, hufika Karema Jumanne, Kipili Jumatano na Kasanga Alhamisi, kisha hugeuza. Kila bandari wapo wanaoshuka na wapo wanaopanda, na kila mtu husafiri kipande chake. Hata misafara ya babu zetu ilikuwa hivyo. Iliyotoka hapa Tabora haikufika pwani na watu wale wale. Wengine waliungana nayo njiani, wengine wakabaki walikopata shamba au mke. Kwa hiyo wewe utoke Sikonge kwa basi la Mpanda, halafu Karema. Kigoma hutaiona hata kwa mbali.

Utaipenda. Mpishi hajui apike wali kiasi gani mpaka watu wa bandari hiyo wameshaingia. Karema alipanda bwana mmoja aitwaye Jilala na ndoo mbili za asali, akijigamba kwamba asali ya Sikonge ni maji ya sukari. Nikamwambia dada yangu angemsikia angemtosa ziwani pamoja na ndoo zake. Akasema basi nimlete huyo dada, tuonje tuone.

Kipili alipanda ndugu yetu Paskazia. Najua hapa umetaka kuikunja barua. Usiikunje. Nilimwita mimi. Alishikwa mkono na mjukuu wake, maana jicho la kulia limekwisha, na daktari amemwambia la kushoto halitamaliza mwaka. Aliposikia sauti yangu alicheka, akasema nimenenepa mpaka sauti. Kabla hajagusa chakula aliuliza kama bado unatafuna asali na masega yake. Kisha akaniuliza alikukosea nini, kwa kuwa amekuandikia mara tatu na hujajibu hata mara moja.

Mektilda, mimi ndiye ninayejua jibu, na nimelinyamazia miaka kumi na tisa.

Unakumbuka msiba wa mama. Unamkumbuka Mwanamkuu, mtani wetu wa Kizaramo, alivyojifunga kanga kichwani pale kaburini, akajitupa chini akilia kwamba yeye ndiye Paskazia, mama amsamehe, amechelewa kwa sababu alikuwa anageuza samaki wake wa migebuka wasiungue. Watu walicheka, kama inavyopasa watani wanapofanya kazi yao. Wewe hukucheka. Uliapa mbele ya kaburi kwamba aliyeshindwa kumzika mama si dada yako tena.

Paskazia hakushindwa. Ujumbe wake ulipokewa kwa redio ya misheni, nikaletewa kwenye karatasi usiku wa kuamkia maziko: yuko njiani, meli imeshaondoka Kipili, tumsubiri siku mbili. Chakula kilikuwa kimekwisha, wageni wa Nzega walitaka kuondoka, na nikajiambia kwamba meli huchelewa. Niliikunja karatasi, nikaitia mfukoni, nikaamuru tuzike. Ulipouliza, nikasema hajajibu. Mwanamkuu alipoigiza pale, neno langu moja tu lingetosha. Sikulisema. Paskazia alifika siku ya tatu, wewe umeshaondoka, akakuta udongo mkavu.

Nilimwambia haya yote melini. Aliisukuma chai yake pembeni. Halafu akasema yeye hawezi kuwa mjumbe wa kosa langu. Niliandike kwa mkono wangu, maana nimefundisha watoto kuandika miaka thelathini na saba. Ndilo hili nimeliandika.

Sikuombi unihurumie. Hasira uliyomwekea yeye nihamishie mimi. Nitaibeba, na ukija hapa utanisema mpaka uchoke. Lakini Jumatano ya wiki ijayo Paskazia atapanda tena Kipili kwenda Kasanga. Ukiwa umepanda Karema siku moja kabla, atakukuta ndani, na jicho lake bado litakuona. Nina hakika utakwenda. Nakujua.

Watu wa Ng'ambo wote wanakusalimu, na Mungu alilinde goti lako njiani. Asnath anayekuletea barua hii anayo namba ya wakala wa meli aliyeko Mpanda. Wakala huandika jina la msafiri pamoja na bandari yake, na orodha ya wiki ijayo inafungwa leo saa kumi na moja jioni. Leo hii mpigie, mwambie unapandia Karema.

Kaka yako,
Mathias