Picha ya Mgongo wa Nahla

Jadida, Wete,
Pemba.
14 Januari 2026

Mpendwa kaka Marhoun,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, na lile goti limekuruhusu tena kusali umesimama. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri na ulimi wake haujapungua makali. Jana kamwambia mume wangu Hamzah kuwa chai yake inafaa kuoshea miguu.

Ningeweza kukupigia simu, lakini sikutaka unisikie sauti. Ndiyo maana nimempa jirani yetu Suhail, anayesafiri kuja huko, barua aje nayo.

Habari yenyewe ni ya Nahla, yule mtoto ninayekaa naye kwa ajili ya skuli. Mama yake, Yumna, ni mjane, analima mwani Kiuyu. Wewe ulimwombea nafasi kwa madaktari wanaokuja Unguja kuwapasua watoto waliopinda migongo, bila malipo, ukaniagiza picha ya mgongo wake ukiwa wazi. Baadaye ukanijibu kuwa picha haikuonesha kitu, wametangulizwa watoto wengine. Ukaniomba na radhi, ukidhani simu yako ndiyo iliyoiharibu.

Kaka, simu yako haina kosa. Nilimpiga picha akiwa ndani ya juba pana nililomshonea mwenyewe, lenye marinda mgongoni, nikalipiga na pasi. Niliona vibaya mwili wa mtoto wa kike upite mikononi mwa wanaume nisiowajua. Nikajiambia namsitiri. Kisha nikakuandikia kuwa hayo ni maungo ya mtoto wa watu, nawe kwa heshima yako hukuifungua, ukaipitisha vile vile.

Mtoto anazidi kupinda. Bega moja limepanda, mbavu zimetokeza nyuma, na akipanda kilima cha kwetu lazima asimame atafute pumzi.

Ijumaa Yumna alikuja na pweza mkavu kunishukuru kwa kuhangaika. Akasema Mungu hajapanga. Nami nikamwacha aseme hivyo, nikampokea pweza wake, nikampika kwa nazi. Mama alisifu. Sijawahi kujionea aibu kama siku ile.

Juzi nilimfuata Kiuyu nikamwambia kweli. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Basi mpige nyengine."

Tulirudi pamoja. Nilifunga madirisha, nikamfunga mtoto kanga kiunoni, na bado nilishika simu nikiangalia pembeni. Nahla akageuza shingo akaniangalia. "Bi Fakhriya," akasema, "mie sioni haya na mgongo wangu. Mwaona haya nyie."

Picha zimo ndani ya bahasha hii, moja amesimama, moja ameinama. Safari hii zitazame mwenyewe kwanza. Madaktari wanarudi baada ya Idi, nakuomba uwaendee tena. Waambie kosa ni la dada yako, wala mama wa mtoto hakulijua.

Nisalimie wifi Jawaher na mwanangu Raniya. Hamzah anakusalimu, na Mama anakuombea Mungu akupe afya na akuzidishie ulipotoa. Nahla naye anakusalimu sana. Lile juba nimeshalifumua.

Mimi dada yako, nikupendaye na kukuonea haya,

Fakhriya