Shaba ya Jina Lako

Baba,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti hapa karakanani Pasua, kisha nikasubiri marahaba. Mazoea hayo. Hata mkasi wako wa bati bado nauweka upande wako wa meza.

Nakuandikia kwa sababu nimekata ile shaba. Ndiyo, ileile aliyokuachia rafiki yako singasinga alipofunga duka na kuhama, ukaificha chini ya kitanda nyumbani Old Moshi ukisema, "Hii ni ya jina langu. Msalaba wa kaburi langu usikae bubu." Usininunie, Baba. Sikiliza kwanza.

Kahawa imeiva yote kwa pamoja, kihamba chetu chote pale nyumbani ni chekundu. Na mashine ya kukoboa ndiyo ikachanika ngozi yake ya shaba, ile yenye vinundu inayolifunika gogo linalozunguka. Mjini shaba hakuna, msumari wenyewe unautafuta kwa tochi. Nimekwenda hadi Himo, nimerudi mikono mitupu. Mama akawa anamenya kwa vidole tangu asubuhi, kucha zinatoka damu, na nyuma yake kahawa inadondoka na kuoza. Nikamwambia, si ipo shaba ya Baba? Mae, nilijuta! Alinitazama mpaka nikainamisha macho. "Mume wangu alale bila jina kwa ajili ya mashine?"

Kesho yake alikata jani la isale, akalipiga fundo kama tunavyofanya tukimwomba mtu radhi, akaenda kukaa kaburini kwako migombani. Ukungu ukashuka ukamfunika, nikawa nasikia mfereji tu. Usingizi ukanipitia pale mlangoni. Nikakuona umesimama ndani ya maji, suruali umeikunja, unacheka. Nilipozinduka Mama alikuwa mbele yangu, khanga imelowa. Akasema, "Kata."

Nilichora mstari kwa msumari, nikakata nje yake kidogo, maana ulizoea kusema, "Kilichobaki utakipunguza, kilichokwenda hukirudishi." Mkasi ukipita nilibana pumzi kama wewe. Vinundu nikavigonga kutoka ndani, polepole, kwa kuwa shaba nyembamba haitaki hasira. Chuma cha kulehemia nilikisogeza karibu na shavu kupima moto. Ukizidi, shaba inajikunja, maungio yanaacha ukingo, na ukingo huo unajeruhi kila punje. Nilipomaliza nikapitisha ukucha juu ya maungio. Haukukwama popote. Hapo nililia, tena kwa sauti.

Kuna jambo sijakwambia. Kabla sijaiunganisha, niliigeuza, na upande wa ndani ambao hakuna atakayeuona, nikachora jina lako lote kwa msumari uleule. Unajua Mama hasomi. Alipitisha kidole juu ya herufi, akauliza ni nini hizi. Nikamwambia. Tulipoifunga kwenye mashine alishika mpini yeye mwenyewe, na mpaka leo hataki mtu mwingine auguse.

Shaba ikirudi madukani, kibao cha msalaba wako nitakikata mimi, nakuahidi. Kwa sasa lala salama, Baba yangu. Kila asubuhi Mama anakuzungusha, na punje zinatoka nzima.

Binti yako,
Manka