Pamba za Kondo

Dada Maria, shikamoo. Usidanganywe na nyumba ya Gavana kwenye picha ya kadi hii. Mimi nalala Temeke, na sikio linaniuma!

Jana mwenyeji wangu Kondo, Mzaramo, alinipeleka kuzamia chaza. Akaniziba masikio kwa pamba yenye mafuta ya nazi, eti nisiumie. Nilipozama kidogo tu, nikadhani kichwa kinapasuka! Kumbe yeye kila akishuka anabana pua na kupuliza taratibu, wala hakuniambia. Nikafoka, ufuko mzima ukacheka: "Mnyamwezi, utamnunia mtani wako?" Hata hasira wamenikataza!

Nawakumbuka sana nyote. Kondo atakuja huko Tabora baada ya mavuno. Mpelekeni kurina asali. Mwambieni nyuki wetu hawaumi.

Mdogo wako, Petro