Nafasi Niliyoiacha Wazi Kwenye Fomu

Nyumba za Reli, Nsambya,
Kampala

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Bwana aliyetutunza mpaka leo azidi kukutunza huko Taveta. Goti limepungua uvimbe? Na Neema amejifungua, au bado tunangoja? Mimi mwili ni mzima, ila kichwa ndicho kimevurugika, na hapa sina wa kumwambia kama ninavyokuambia wewe. Barua hii haipiti posta. Inakuja kwa mkono wa gadi wa treni ya mizigo, yule Mtaita anayeimba nasi kanisani, anayekuja likizo kwao. Kwa hiyo nimeandika bila kuogopa sana. Ukishaisoma itie motoni.

Ile yako nimeisoma mara tatu. Pale uliposema kwamba siku ya soko mama yangu alifika kwenye kizuizi cha Holili na chane ya ndizi mbivu, akaambiwa mpaka umefungwa na hata ndizi haivuki, akakaa chini upande wake, akamenya moja, akakuambia, "Basi nakula kwa niaba yako, mkwe wangu." Hapo nilicheka, halafu nikaikunja barua. Kutoka kwake Himo mpaka kwako ni safari ya asubuhi moja. Sasa yuko mbali nawe kama alivyo mbali nami.

Haya, yaliyonipata. Nchi zetu tatu zilikuwa na reli moja, posta moja, hata shirika moja la ndege. Sasa kila nchi inachukua chake, na sisi wafanyakazi tumeletewa fomu ili kila mtu arudishwe kwao. Jina, kazi, nchi. Kwenye nchi nikaandika kama nilivyoandika kila mara tangu niajiriwe: Afrika Mashariki. Wala sikufanya mzaha. Karani akaisoma, akavua miwani.

"Mzee Elifasi, hii nchi yako bendera yake rangi gani?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikabaki nafikiri kweli, ni rangi gani, mpaka akanionea huruma. "Mzee, hiyo haipo tena. Kuna Kenya, kuna Tanzania. Chagua moja, uirudishe kabla ya mwisho wa mwezi."

Fomu nyingine aliyonipa ninayo, nimeitia katikati ya kitabu cha nyimbo, na kila nikifungua wimbo naiona ile nafasi wazi inanitazama.

Wewe fikiri. Nimezaliwa Himo. Reli ikanichukua nikiwa kijana, nikaletwa kazini hapo Taveta, nikakuoa, tukajenga, na mama akawa anakuja, analala, anarudi, hakuna aliyemuuliza kitu. Nikiandika Tanzania watanipeleka Tabora au wapi sijui, na wewe utakuwa nyuma ya kizuizi. Nikiandika Kenya narudi kwako, lakini mama amezeeka kama ulivyomwona. Siku Mungu akimwita, nisimame Holili nitazame watu wakienda kumzika?

Na kosa ni la nani, sielewi. Redio ya upande mmoja inasema wenzao wamekula peke yao. Ya upande wa pili inasema wenzao wana wivu. Nikimsikiliza huyu namwamini, nikimsikiliza yule namwamini pia.

Nilimweleza Ssalongo, Mganda ninayepokezana naye zamu kwenye kibanda cha ishara, baba wa mapacha, mtu wa utani. Akaniuliza kwa Kiswahili chao cha hapa, "Sasa mzee, nyinyi kule iko napiga kura, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo, nchi zote mbili.

"Na hao wakubwa mulichagua, ndiyo nafunga njia ya mama yako?"

Akatazama mlangoni kwanza, kama wanavyofanya watu wote hapa siku hizi, akasema polepole, "Sisi hapa hatukuchagua mutu. Lakini nyinyi, ssebo, mulichagua ya nini?"

Nimelipeleka swali hilo kwenye maombi. Na kubaki hapa nako si kukaa. Sukari na sabuni ni kupanga foleni, hilo nimezoea. Lakini jirani yangu wa mlango wa tatu alichukuliwa kazini na watu waliokuja na gari, na mkewe mpaka leo anapika chakula cha watu wawili.

Unakumbuka ile mashine niliyokuonyesha stesheni ya Taveta tulipokuwa wachumba? Njia ni moja na treni zinatoka pande mbili, kwa hiyo dereva haondoki mpaka apewe tokeni, kile kipande cha chuma. Na mimi siwezi kuitoa peke yangu. Napiga kengele, mwenzangu wa stesheni jirani akikubali anabonyeza kwake, anashikilia, ndipo yangu inafunguka. Asipobonyeza, hata nivute vipi, haitoki. Miaka yote hii sijaruhusu treni kwa uamuzi wangu peke yangu, na sitaki kuanza na mama yangu mzazi.

Nataka kuandika Kenya. Haya, nimesema. Lakini mama asije akasikia kwa watu kwamba mwanawe amejiandika kwingine. Siku ya soko nenda kizuizini, umwite, umuulize kwa sauti hata kama askari wanasikia: Elifasi aandike Kenya? Akikubali, niandikie neno moja tu, "aandike", umpe gadi huyu, maana atarudi huku kabla ya mwisho wa mwezi. Akikataa niambie pia, ingawa hapo sijui nitafanya nini. Na wewe beba ndizi zako safari hii, mle wote wawili, kila mtu kwake.

Nisalimie mume wa Neema, dada yako mkubwa anayefundisha kwaya ya watoto, na yule fundi aliyetuezekea jiko, umwambie paa nitalikagua mwenyewe, Mungu akipenda.

Kengele nimekwisha piga. Nangoja mshikilie huko.

Mumeo,
Elifasi, Baba Neema