Pua za Printa

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila printa ya picha uliyoniachia ina mafua. Nafuata agizo lako: kila Jumapili nachapa picha moja, wino usikauke. Nachapa ile yako ya gauni jekundu, umeketi kitini, maana ina rangi zote, na nimekukumbuka. Leo uso umetoka kijani na gauni njano. Pua zimeziba. Nifanyeje?

Babako mkaidi

14 Machi

Shikamoo Baba,

Sijambo, kazi ya kupiga pasi hapa kwa dobi inaendelea. Baba, printa haina pua! Ni vitundu vya wino, vidogo kuliko ncha ya sindano. Na usivichokoe kwa sindano, nakujua. Kunja tishu, iloweshe kwa maji ya vuguvugu yaliyochujwa, iweke chini ya kichwa cha printa, iache hadi kesho yake.

Binti yako

24 Machi

Marahaba mwanangu,

Nimeipenga! Jumatano mchana nilivuta tishu, imelowa nyekundu tele. Nikaweka ya pili, ya tatu. Sasa mistari ya majaribio haina pengo hata moja. Pichani umetoka mashavu yamejaa wekundu, kama aliyetoka kukimbia.

Babako, fundi

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Hongera. Usishtuke, lakini Jumatano hiyo hiyo mchana nilitokwa damu puani, ikachafua mashuka ya wateja. Nilibadilisha tishu hadi msimamizi akanirudisha nyumbani. Wenzangu wanasema ni joto la pasi. Na mimi nasema hivyo.

Binti yako

10 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imenikata maini. Siigusi tena hiyo printa. Nimechomoa waya, nimeifunika, nimeisukuma uvunguni. Wino na ukauke, mradi wewe upone. Niandikie upesi.

Babako

5 Mei

Shikamoo Baba,

Damu haijatoka tena. Ila watu wananiuliza mbona midomo imepauka. Jana nilijikata kidole kwa mkasi, jeraha likaachama, hakikutoka kitu. Wala sikusikia maumivu. Naogopa, Baba. Itoe printa uvunguni. Nichape.

Binti yako

13 Mei

Kipenzi changu,

Nilisoma nimesimama mlangoni, nikaiwasha papo hapo. Kiti kimetoka, pazia limetoka, hata kivuli chako ukutani. Ulipokaa wewe ni karatasi nyeupe. Naloweka tishu, nabadilisha kila inapopoa. Nimechapa tena, nikaona ukingo wa sikio, au nautamani tu. Mimi ndiye niliyekukausha, mwanangu, kwa kukupenda. Wewe pumua huko, mimi nazibua huku. Nijibu hata neno moja.

Babako

1 Juni

Mwanangu,

Sijapata barua. Leo gauni limetoka lote, jekundu, hadi vifungo. Limeketi kitini peke yake. Bado nazibua.

Babako