Betri Inayoonyesha Imejaa

Neema mujukuu wangu,

Hapa Nyalukemba tuko salama. Koko Furaha, bibi yako, anauliza kama unakula. Mimi haniulizi, tumbo linajibu lenyewe.

Unasema muuzaji anaapa betri ya gari lako la umeme ni nzima kwa sababu kioo kinaonyesha imejaa, na garanti inakaribia kwisha. Usimwamini bado. Wakati wa vita, koko wako alikwama Mudaka na mama yako mgongoni. Tuliongea kwa foni ya parokia, redio ya kuitana, na upande wetu ilitumia betri ya gari langu. Ili isichoke, niliitunza miezi mingi bila kuigusa. Siku ya kuongea nikaijaribu kwanza kwa taa ndogo, ikawaka vizuri. Koko wako, anayeniita Papa tangu tuoane, akasema, "Papa, kesho tunatoka, tutapita njia ya..." Betri ikazima.

Kesho yake nilikimbia kati ya njia mbili zinazotoka Mudaka kama mbuzi aliyekata kamba, hadi akanikuta.

"Papa, unacheza mpira na nani?"

Taa ndogo haiombi betri nguvu nyingi. Fundi aipime betri yako gari likipanda mlima, aandike nguvu iliyobaki, kabla garanti haijaisha. Nenda wiki hii, tafadhali. Tayari nakuona umekwama njiani, na sijui ni njia gani.

Mzee wako